Bibi Yangu, Askari wa Kyimo



Kila mwaka ninaposahihisha insha za wasifu za wanafunzi wangu wa kidato cha nne, nakutana na bibi yule yule. Alikuwa mpole, mchapakazi na mcha Mungu. Alipendwa na watu wote. Akafariki, tukalia. Jina hubadilika na mkoa hubadilika, lakini bibi habadiliki. Sina shaka kwamba mabibi hao kweli walikuwa wapole, ila msomaji hufika mwisho wa ukurasa bila kukutana na mtu. Kwa hiyo leo nitakusimulia habari za bibi yangu mzaa mama, kisha nitakuachia swali moja la kwenda nalo nyumbani.

Bibi alizaliwa mwaka 1947 huko Kyimo, wilayani Rungwe, kando ya barabara kuu inayotoka Mbeya kupitia Tukuyu hadi Kasumulu, mpakani na Malawi. Kama hujafika kwetu, fikiria mahali penye mvua nyingi, migomba iliyosogea hadi mlangoni, mashamba ya chai, na Mlima Rungwe unaojificha kwenye mawingu. Alisomea uuguzi msaidizi, kisha akajiunga na Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Mwaka 1978 alikuwa na umri wa miaka 31 na watoto watatu, mama yangu akiwa kifungua mimba.

Yaliyotokea mwaka huo huenda umeyasoma. Mwezi Oktoba majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuteka ardhi yetu hadi Mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa akasema kwamba sababu, nia na uwezo wa kumpiga adui tunavyo. Wanajeshi walikwenda, na pamoja nao wakaenda mgambo, polisi na magereza. Bibi naye alikwenda. Watoto aliwaacha Kyimo kwa mama yake, akiwa hajui kama atarudi.

Sisi wajukuu tulitaka hadithi za bunduki. Yeye alikuwa na hadithi za miguu. Alihudumu mahali majeruhi walikoletwa kutoka mstari wa mbele, na kila tulipomuuliza vita vilikuwaje, jibu lake lilikuwa moja: "Vita mimi nimeviona miguuni mwa watu." Askari walitembea kwa miguu kutoka Mutukula kwenda Masaka, wakapita kwenye vinamasi vya Lukaya, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979, msimu wa mvua. Vijana waliletwa kwake wakiwa na viatu vilivyogandamana na ngozi. Yeye alichemsha maji, akatia chumvi, akaosha, akafunga, kisha akamwita mwingine. Baadhi aliowaosha hawakurudi makwao. Kuna mashujaa wetu waliolala Kaboya, mkoani Kagera, na kila ilipofika tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, Bibi alifungua redio na hakutaka mtu azungumze.

Alirudi nyumbani akaikuta nchi imeombwa kufunga mkanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ilipita na mkanda haukulegea. Wazazi wako au babu zako wanakumbuka foleni za sukari na sabuni. Bibi aliendelea na utumishi hadi mwaka 1985, akaacha jeshi, akarudi kulima ndizi na viazi.

Hapa ndipo waandishi wengi wa insha wangeweka nukta: askari amerudi, ametimiza wajibu wake kwa taifa. Lakini mimi nimezaliwa baada ya hapo, na yale niliyoyaona kwa macho yangu yote yalitokea baada ya nukta hiyo.

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI hapa nchini walitambuliwa mkoani Kagera, kule kule ambako Bibi alikuwa ameosha miguu ya vijana. Miaka ya tisini ugonjwa ulikuwa umekwisha kufika kwetu. Dawa za kufubaza makali ya virusi zilianza kutolewa bure hapa nchini mwaka 2004. Kabla ya hapo, mtu aliugua nyumbani, na mara nyingi aliugulia peke yake. Watu waliogopa kikombe, waliogopa shuka, waliogopa hata kusalimiana kwa mkono.

Nilikuwa na miaka minane aliporudi kijijini kijana mmoja aliyekuwa utingo wa malori. Jamaa zake walimlaza kwenye chumba cha uani na kumtengea sahani yake, ambayo waliisukuma mlangoni kwa fimbo. Bibi alipopata habari alichukua beseni, sabuni ya mche na mifuko ya plastiki ya kuvaa mikononi penye damu au kidonda. Akanitazama. Kwetu bibi humtania mjukuu wa kiume kwa kumwita mume. "Mume wangu," akasema, "shika taulo twende."

Alimwosha yule kijana kuanzia kichwani. Alipomaliza aliomba chakula. Wakaleta ndizi za kuchemsha katika ile sahani ya mgonjwa, na Bibi, baada ya kunawa, akaketi kitandani, akala naye katika sahani hiyo moja huku ndugu wakiwa wamesimama mlangoni. Hakutoa hotuba. Alisema tu, "Ugonjwa huu haupiti kwenye ndizi." Tulirudi kesho yake, na kesho kutwa. Wiki ya pili tulimkuta dada wa mgonjwa ameketi pale alipokuwa akiketi Bibi, anamlisha kaka yake kwa mkono. Kijana hakupona. Lakini alioshwa na ndugu zake, na alifia mikononi mwa watu wake.

Sikumbuki ni nyumba ngapi tuliingia baada ya hiyo. Bibi hakuwa na cheo chochote, na hakuna aliyemlipa. Aliyetaka kumpa mkungu wa ndizi alimwambia, "Ndaga fijo," asante sana, kisha akaubeba mkungu hadi nyumba ya mgonjwa aliyefuata.

Bibi alifariki Mei 2019, akiwa na miaka 72. Mazishi yalikuwa makubwa. Mzee mmoja alisoma wasifu wa marehemu: kuzaliwa, uuguzi, jeshi, Vita vya Kagera, watoto watatu, wajukuu kumi na mmoja, kuhudumia wagonjwa. Ulikuwa wasifu mzuri na kila neno lilikuwa la kweli. Watu waliitikia kwa vichwa.

Wiki tatu baadaye bomba la mtaa wetu lilikauka.

Maji yetu ni ya mserereko. Yanakingwa kwenye kijito juu ya vilima na kushuka kwa bomba bila mashine yoyote. Hapo yanapokingwa kuna wavu wa chuma wa kuzuia uchafu. Mvua zikinyesha sana, majani na matope huziba wavu, na bomba la chini hubaki likikoroma bila kutoa kitu. Wajumbe wa kamati ya maji walipanda kwenda kutazama. Walikuta wavu umefunikwa na majani ya majuma kadhaa. Kando yake, chini ya mwamba, kulikuwa na ufagio wa njukuti, jembe dogo lenye mpini uliofungwa kitambaa cha kijani, na kandambili za kike. Kitambaa kile kila mtu alikijua. Kilikatwa kutoka kwenye shati la zamani la Bibi, la jeshini.

Ndipo watu walipoanza kuunganisha habari. Mmoja alikumbuka kumwona akipanda kilima Jumamosi alfajiri, akadhani anakwenda kutafuta kuni. Mwingine alidhani kamati inamlipa kijana wa kusafisha. Kamati nayo ilidhani wavu ule hauzibi. Maji yalikuwa yanatoka, basi hakuna aliyeuliza kwa nini yanatoka.

Mabalozi wa nyumba kumi walikutana na kupanga zamu, kila kundi Jumamosi yake. Mwaka wa kwanza zamu ilikosekana mara kadhaa na bomba likakauka tena. Kazi aliyoifanya mama mmoja mzee, bila kumwambia mtu, iliwashinda watu wazima wenye nguvu waliopangiwa kwenye karatasi. Sisemi hivi kuwacheka. Nami nimo katika zamu hiyo na najua ubaridi wa alfajiri ya Juni kwetu. Nasema hivi ili upime mwenyewe. Vita vya Kagera vilichukua miezi kadhaa katika maisha ya Bibi. Kilima kile alikipanda kwa miaka ambayo hakuna anayejua idadi yake.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ukiulizwa kuhusu uzalendo, utakumbuka haraka bendera, wimbo wa taifa na mashujaa wa vita, na utakuwa sahihi. Bibi yangu alikuwa mmoja wao. Lakini kuna uzalendo mwingine ambao hausomwi makaburini, kwa sababu kazi yake ni kuzuia jambo lisitokee: bomba lisikauke, mgonjwa asife peke yake. Jambo lisilotokea halina shahidi.

Kwa hiyo, unapojiandaa kuandika juu ya bibi yako, babu yako, mama au jirani, usianze na sifa. Tarehe ziweke, maana zinamsaidia msomaji kujua mtu huyu aliishi wakati gani na nchi ilikuwa ikipitia nini. Kisha jiulize swali hili: mtu huyu asipoamka kesho, ni kitu gani mtaani kwetu kitasimama? Labda ni uji wa watoto wa shule ya awali. Labda ni mlango wa kanisa au msikiti unaofunguliwa alfajiri. Labda ni mzee mwenzake asiyeona, ambaye husomewa ujumbe wa simu kila jioni.

Usisubiri bomba likauke ndipo ujue. Kama mtu huyo yupo hai, mwamkie, kaa naye, muulize. Mfuate siku moja anapotoka alfajiri, umbebee ndoo. Utarudi na insha, na huenda ukarudi na zamu.

Nakutakia maandalizi mema na mtihani mwema.