Internati ama Nyumbani? Yale Niliyojifunza kwa Watoto Wangu Wawili



Kila mwaka, mwezi wa nane ukifika, wazazi wananifuata kisha ibada na ulizo moja: "Pasta, mtoto wetu tumpeleke wapi?" Watu wa Misisi wanaliuliza, wa Lubichako na wa Kimbi vilevile. Mtoto amemaliza kalasi ya nane, anaanza umanite, na wazazi wanaogopa machimbo. Wananitazama kama mtu mwenye jibu, kwa sababu mimi ni mchungaji na nilipita shule ya Biblia. Leo nataka kuwaambia wazi: mara ya kwanza mimi mwenyewe nilikosa.

Mtoto wetu wa kwanza ni kijana. Alikuwa na miaka 14, nasi tulikuwa tunatumika katika kanisa moja karibu na kareri ya zahabu. Mnajua maisha ya pale. Mtoto akibeba mifuko ya udongo siku moja tu, jioni anaweza kushika franga ambazo mwalimu wake hakuzishika juma lile lote. Siku moja nilimkuta kijana wangu na viatu vipya ambavyo mimi sikununua. Sikumuuliza mengi. Nilikasirika, na usiku ule nilimwambia mama yake: "Huyu ataenda internati."

Je, nilichaguaje ile internati? Mzee mmoja alinisifia shule ya prive iliyo mbali, yenye geti la chuma na sare nzuri, ambayo watoto wa wakubwa wanasoma. Basi. Sikuenda kuiona. Tuliuza mbuzi watatu, na Mama Pasta akauza vitenge vyake viwili. Tukanunua kasha, godoro na ndoo, nikamtuma mtoto na dereva wa lori. Na ukweli mwingine niuseme, kwa maana Mungu anaujua tayari: nilitaka waamini waseme, "Mtoto wa Pasta yuko internati." Kilikuwa kiburi, hata kama nilikiita malezi.

Mwezi wa kwanza nililipa. Mwezi wa pili nililipa. Mwezi wa tatu karatasi ya deni ilifika siku yake bila kuchelewa. Kisha, usiku mmoja wa mvua, mlango ukagongwa. Alikuwa yeye, amekonda, bila kasha wala godoro. Alikuwa amegonjwa malaria mara mbili, na hakuna mtu aliyetujulisha. Walikula bugali mara moja kwa siku, na wakubwa waliwanyang'anya wadogo unga wao. Zaidi ya hayo, alikuwa ametoroka majuma matatu mbele, akafanya kazi katika kareri nyingine njiani ili apate pesa ya kurudi. Majuma matatu shule haikutuambia kitu. Kile nilichokikimbia ndicho nilichomtupia.

Nilimwuliza: "Kwa nini hukuniambia?"

Akajibu: "Papa, mimi nilifikiri umenifukuza juu ya vile viatu."

Ndugu zangu, nimehubiri miaka mingi, lakini neno lile lilinishinda. Nilitoka nje, nikasimama kwenye mvua.

Kisha nilikumbuka maisha yangu mwenyewe. Mwaka 1996, vita vilipoingia huku kwetu Fizi, nilikuwa kijana wa umri kama wake. Tulivuka ziwa Tanganyika mpaka Kigoma, tukafika kambi ya Nyarugusu. Kule nilisoma programu ya Kongo, chini ya shitingi, vitabu vichache, wengine tumekaa kwenye mawe. Lakini mama yangu, asiyejua kusoma, kila jioni aliniuliza: "Leo umejifunza nini?" Nikikosa jibu, hakunipiga, alikaa karibu nami mpaka nifungue daftari. Shule ile haikuwa na geti la chuma. Kilichonisaidia ni kwamba kulikuwa na mtu aliyeuliza.

Nilirudi katika Biblia, 1 Samweli mlango wa 1 na wa 2. Mara nyingi tunahubiri ya kwamba Hana alimtoa mtoto wake. Ni kweli, alimpeleka Shilo, na tunaweza kusema Shilo ilikuwa internati yake. Lakini tuangalie mambo mawili. La kwanza, pale Shilo, katika nyumba ya Mungu, walikuwapo Hofni na Finehasi, vijana wabaya sana. Jina la kanisa kwenye ukuta si ulinzi wa kutosha. La pili, Hana hakumtupa Samweli. Kila mwaka alirudi na kanzu ndogo aliyoishona yeye mwenyewe. Ili kanzu imfae, ilipaswa ajue mtoto ameongezeka kiasi gani.

Mwaka 2023 zamu ilimfikia binti yetu. Alitaka kemia na biolojia ili siku moja awe mwuguzi, kama wale aliowaona kwenye hospitali ya Nundu. Safari hii tulikaa watatu, mimi, mama na yeye. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 43, inawapa wazazi haki ya kuchagua malezi ya watoto wao. Lakini haki hiyo haifai kitu kama unachagua ukiwa umefumba macho. Tena tangu mwezi wa tisa 2019 shule za msingi za Serikali ni bila malipo, bali kwa sekondari sisi wazazi tunaendelea kulipa. Kukosa kunagharimu.

Tulikuwa na njia tatu. Shule ya konvansione iliyo karibu nasi ilikuwa ya bei ndogo, lakini ilikuwa na seksio ya pedagogie peke yake. Wengine wanadharau shule hizi. Tusizidharau: Serikali ilizichukua mwaka 1974, ikarudisha uongozi wake kwa makanisa kwa mapatano ya mwaka 1977, na wengi wetu tulioshika kalamu tulipitia humo. Njia ya pili ilikuwa prive ya mbali. Ya tatu ilikuwa Baraka, shule yenye internati na watoto wa kulala nyumbani, na dada yangu anakaa mji ule.

Nilipanda pikipiki, nikapita Lulimba na Fizi, nikaenda kuona. Yale niliyoyaangalia ninawapa, yawasaidie:

Fikeni saa ya chakula bila kutangaza. Angalieni sufuria, maji na vyoo kabla ya kuangalia ofisi ya prefe.

Ombeni kuona kibali cha Serikali cha shule na cha ile seksio yenyewe. Ulizeni wanafunzi wangapi waliingia egzeta mwaka uliopita, na wangapi walipata diploma. Kama jibu ni maneno matupu, rudini nyumbani.

Andikeni gharama zote: minerivali, sare, godoro, unga, na pesa za egzeta. Kwa shule ya prive, mwalimu analipwa na pesa zetu. Ulizeni kama walimu wamelipwa. Shimo likijaa maji na wachimbaji wakikosa pesa, mwalimu naye anaondoka.

Kwa mabinti, ulizeni nani analala karibu nao na nani anashika ufunguo. Mwambieni binti mapema: mwalimu akikutaka ili akupe alama, uje nyumbani siku ileile, hatutakulaumu.

Mwisho, mwulizeni mtoto. Binti yangu alisema: "Papa, Baraka ninakubali. Nilale internati ili nisome usiku, lakini siku ya posho niende kwa shangazi." Nilishangaa. Mimi na mama tulikuwa tumebishana juma zima, kumbe yeye alikuwa amekwisha kupata njia ya katikati.

Ndivyo tulivyofanya. Kila mwezi mama yake anashuka na sabuni, unga na maharagi. Shangazi anaongeza ndagala. Buleteni yake ya kwanza ilikuwa na asilimia 54. Si nyingi, lakini tulijua kwa nini: kifaransa kilimsumbua, na shangazi akamtafutia mwanafunzi mkubwa wa kumsaidia. Tena mwezi wa pili 2025, vita vilipofika Bukavu, wazazi wenye watoto kule walikosa usingizi. Sisi tuliweza kumfikia wetu.

Na kijana wetu? Sitawadanganya. Hakurudi tena kwenye umanite. Alijifunza kutengeneza pikipiki, anafanya kazi hiyo pale Baraka, na siku za Mungu anapiga gitaa kanisani. Diploma hana. Nilimwomba msamaha mbele ya mama yake. Alisema, "Papa, imekwisha." Lakini mimi ninajua mwaka ule alipoteza nini.

Wazazi wapendwa, internati ni nzuri, na kusoma ukilala nyumbani ni vizuri. Hakuna hata moja inayoweza kushika nafasi yenu. Nanyi vijana, wazazi wakikosa, waambieni kwa heshima, msinyamaze. Bwana awabariki.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani:
1. Mara ya mwisho tulimtembelea mtoto wetu shuleni lini?
2. Je, mtoto wetu anajua kwa nini tulimpeleka pale?