Meza Moja, Sahani Mbili: Bwana na Bibi Wanapotafuta Chakula Mjini Kampala

Mji wa Kampala umejengwa juu ya vilima, na ifikapo saa sita za mchana kila upande wa mji huwa na harufu yake ya chakula. Chini ya kilima cha Nakasero, karibu na kituo cha zamani cha teksi, matoke yaliyofungwa katika majani ya mgomba hutoa mvuke tangu alfajiri. Huko Wandegeya, jirani na Chuo Kikuu cha Makerere, makaango ya chapati na mayai hayapoi mchana wala usiku. Kabalagala nako moshi wa nyama ya kuchoma hupaa mpaka usiku wa manane. Mwenye fedha kidogo mfukoni hashindwi kushiba katika mji huu.

Hata hivyo, ushibaji ni jambo moja, na kushiba pamoja ni jambo lingine. Yupo koplo mmoja wa polisi ambaye mkewe hali nyama, wala kuku, wala samaki. Mayai na maziwa hutumia. Bibi huyu hakukatazwa na daktari wala na dini. Aliiacha nyama kwa hiari yake kabla ya kuolewa, na bwana alimwoa akilijua jambo hilo. Nyumbani hapakuwa na taabu. Taabu ilikuwa katika ile siku moja ya mwezi, baada ya mshahara kutoka, ambapo wawili hao waliwaachia jirani watoto wao na kwenda kula mjini. Bwana aliagiza mbuzi, na bibi akasema kwamba hana njaa. Walipofika nyumbani, bibi aliingia jikoni akapasha moto kiporo cha maharage.

Mambo yalikwenda hivyo kwa muda mrefu, mpaka ilipokuja barua ya uhamisho. Koplo alitakiwa kwenda Gulu, katika nchi ya Waacholi, mwendo wa kilomita zaidi ya 300 kaskazini ya Kampala. Bibi alisita kumfuata. Aliambiwa na majirani kwamba huko watu ni wafugaji na wawindaji, na kwamba atakufa njaa. Ndipo bwana alipotambua kwamba kwa miaka kadhaa mkewe alikuwa akikaa na njaa mbele yake, tena mezani. Ilikuwa imebaki miezi mitatu. Waliafikiana kwamba kila Jumamosi ambayo koplo hana zamu wangejaribu hoteli moja wasiyopata kuingia, na kwamba hawatatoka humo mpaka wote wawili wameshiba.

Maharage Yenye Siri

Hoteli ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja wa mjini, yenye mabenchi na meza mbili. Palikuwa na matoke, wali, posho, viazi vitamu, maharage na mchuzi wa karanga. Kwa macho, chakula cha bibi kilikuwa tele. Lakini bibi alipouliza maharage yamepikwa na nini, yule mama alijibu kwa fahari kwamba ameyatia supu ya mifupa ili yapate ladha. Mchuzi wa karanga nao ulikuwa na unga wa mukene, yaani dagaa wa ziwani.

Mpishi hakuwa na nia mbaya. Katika jiko la Uganda mukene na samaki wa moshi ni viungo vya karanga kama vile kitunguu kilivyo kiungo cha nyanya, na mpishi anayetia supu ya nyama katika maharage huhesabu kwamba amemheshimu mgeni. Ukimwuliza, “Je, kuna nyama?” atajibu kwamba hakuna, kwa maana haoni kipande cha nyama ndani ya chungu. Swali lifaalo ni hili: “Umetia nini ndani ya maji yake?” Tangu siku hiyo bwana ndiye aliyeuliza swali hilo, kwa sababu bibi alikuwa amechoka kuonekana msumbufu. Hilo peke yake lilikuwa badiliko kubwa. Bibi alikula matoke na nakati, mboga chungu ya Buganda iliyokaangwa kwa nyanya, na kwa mara ya kwanza hakusema kwamba hana njaa.

Mpishi alipoelewa, hakucheka, kwani mtu kuwa na chakula asichokila ni desturi ya zamani sana katika nchi hii. Kila ukoo wa Buganda una muziro wake: mtu wa ukoo wa Mbogo hali nyati, na mtu wa ukoo wa Mamba hali kamongo, samaki ambaye kwa Kiganda huitwa mamba. Zamani wanawake wa Buganda hawakuruhusiwa kula kuku wala mayai. Waislamu hawali nguruwe, na Waadventista nao hawamli. Katika messi yoyote ya askari watu wa namna hizo zote huketi meza moja, na hakuna anayefukuzwa. Asiyekula nyama ni mmoja tu zaidi katika safu hiyo.

Chakula cha Komando

Jumamosi ya pili waliteremka Wandegeya. Hapo koplo aligundua kwamba chakula alichokula tangu alipokuwa kuruta kilimfaa mkewe kuliko chakula chochote cha hoteli kubwa. Chakula hicho ni kikomando: chapati iliyokatwakatwa vipande vidogo na kumwagiwa maharage ya moto. Jina limetoka katika neno komando, na wauzaji husema kwamba anayekila hupata nguvu za askari wa namna hiyo. Kando yake huuzwa rolex, yaani mayai yaliyokaangwa kwa nyanya, kitunguu na kabichi, kisha yakakunjwa ndani ya chapati. Jina hili halihusiani na saa ya mkononi. Ni maneno ya Kiingereza ya kutaja mayai yaliyokunjwa, yaliyotamkwa upesi mpaka yakawa neno moja.

Chapati yenyewe ina historia yake. Wahindi walikuwapo pwani tangu zamani, lakini wengi zaidi waliletwa kujenga reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Victoria mwaka 1901. Wafanyakazi hao walikuwa zaidi ya 30,000. Wengi walirudi kwao. Wengine walibaki, na wafanyabiashara wakaja baada yao. Leo chapati si chakula cha kigeni tena, na kijana wa Wandegeya anayeisukuma hana habari kwamba ilisafiri mbali hivyo.

Sahani ya Wahindi na Sinia ya Wahabeshi

Kwa sababu hiyo Jumamosi ya tatu wakaenda katika mkahawa wa Wahindi ambao haupiki nyama kabisa. Mikahawa kama hiyo ilitoweka mjini baada ya Agosti 1972, serikali ya Idi Amin ilipowapa Waasia siku 90 kuondoka nchini. Ilirudi kidogo kidogo wenye mali walipoanza kurudishiwa majengo yao, hasa katika miaka ya 1990. Wahindu wengi, na Wajaini wote washikao dini yao, hawali nyama. Kwa hiyo wapishi wao wamejifunza kwa vizazi vingi kuipa dengu ladha ambayo wengine huitafuta katika mifupa. Sahani kubwa huletwa ikiwa na vibakuli vingi: dengu, viazi vya bizari, bamia, mtindi, achari, wali na chapati.

Safari hii ilikuwa zamu ya bwana kutazama sahani na kushangaa. Alitafuta nyama kwa macho asiione, akanyamaza. Bibi alimwambia kwa upole, “Baba watoto, leo wewe ndiwe usiye na njaa?” Koplo alicheka, akala. Alipomaliza aliomba dengu mara ya pili. Lakini alikuwa ameonja, japo kwa nusu saa, jinsi mtu anavyojisikia kuketi mahali ambapo kila kitu kimepikwa kwa ajili ya mwingine.

Jumamosi ya nne waliwahamia Wahabeshi wa Kabalagala. Wakristo wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia hufunga kila Jumatano na Ijumaa kwa sehemu kubwa ya mwaka, na siku 55 kabla ya Pasaka. Katika mfungo huo hawali nyama, mayai, maziwa wala siagi. Kwa hiyo mpishi wa Kihabeshi akiambiwa “chakula cha mfungo” huelewa mara moja, bila maelezo mengi. Huletwa sinia moja yenye injera, mkate laini na mchachu wa unga wa teff, na juu yake hupangwa shiro ya unga wa dengu, adesi nyekundu zenye pilipili, kabichi na sukuma wiki.

Wahabeshi hula kwa mkono katika sinia moja. Bwana aliomba nyama yake iletwe katika kisahani cha kando, ili mchuzi wake usimwagikie upande wa bibi. Mtumishi alifanya hivyo bila kuuliza. Wawili hao wakamega injera ileile, na kila mmoja akala chake.

Habari za Kaskazini

Lililobaki lilikuwa swali la Gulu. Koplo aliuliza kazini, akaelekezwa kwenye hoteli ndogo ya mama mmoja Mwacholi, pembezoni mwa mji. Bibi aliingia humo kama mtu anayekwenda kusikiliza hukumu.

Mama huyo alimpa kiti, kisha akamweleza chungu kimoja baada ya kingine. Kwanza malakwang, majani machachu yaliyopikwa kwa odii, ambayo ni ufuta na karanga vilivyosagwa mpaka vikalainika kama siagi. Huliwa na viazi vitamu. Pili boo, yaani majani ya kunde, nayo yenye odii. Tatu mbaazi, ambazo kwao huitwa lapena. Na kalo, ugali wa ulezi, wa kulia hivyo vyote. Bibi aliuliza lile swali la maji ya chungu. Mama alishangaa: ikiwa odii imo, supu ya mifupa ya nini? Akaongeza kwamba kwao nyama ni chakula cha sherehe na cha wageni wakubwa. Siku nyingine zote watu huishi kwa ufuta, kunde, mbaazi na ulezi. Wale majirani waliotisha watu hawakuwa wamefika huko.

Bibi alikula malakwang mpaka akaufuta mchuzi kwa kiazi cha mwisho. Hapo hapo, kabla ya kunawa mikono, alimwambia mumewe kwamba atafunga mizigo pamoja naye.

Mambo ya Kushika Nyumbani

Familia nyingi za askari huhamishwa, na wengi wana mke, mume au mtoto asiyekula nyama. Hao hawakosi chakula katika Uganda. Magharibi, Watooro wana firinda, maharage yaliyomenywa maganda na kupondwa, na Wanyankole wana eshabwe, samli iliyopigwa mpaka ikawa nyeupe. Mashariki, kwenye mlima Elgon, Wagisu hupika malewa, chipukizi za mianzi, kwa karanga. Kila mahali panapopandwa kunde, maharage au ufuta, kuna chungu kisichohitaji mifupa. La muhimu ni kuuliza mapema, kabla chungu hakijatiwa viungo.

Afya pia isisahauliwe. Maharage yakiliwa pamoja na nafaka, kama posho au kalo, hujenga mwili vizuri. Madini ya chuma yaliyomo katika mboga za majani na kunde hupokewa vyema zaidi na mwili yakifuatana na tunda lenye uchachu, kama chungwa au limau. Vitamini B12 haipatikani kwa kutegemewa katika mimea; asiyekula nyama na aipate katika mayai na maziwa, na aliyeacha hivyo pia amwone mganga ampe dawa ya kuijaza, hasa mwanamke mja mzito au anyonyeshaye.

Familia hiyo ilipanda basi mwezi uliofuata. Ilivuka Mto Nile kwenye maporomoko ya Karuma, ikafika Gulu jioni. Sokoni, kesho yake, bibi alikuta wanawake wameketi nyuma ya vibuyu na ndoo za odii. Alinunua kopo moja, akauliza namna ya kuipika, na wale wanawake wakaanza kubishana wao kwa wao kuhusu njia iliyo bora. Mwenye kubishaniwa hivyo sokoni amekwisha kuwa mwenyeji. Na mume anayeuliza kilichomo chunguni kabla mkewe hajauliza amekwisha kujua nusu ya kazi ya kuishi pamoja.