Kutoka Alifu Fataha hadi Sukari ya Kilombero

Katika chuo chetu cha Kurani, Kilosa, miaka ya 1970, Kiarabu kilianza kwa nukta: alifu haina kitu, bee moja chini, tee mbili juu, thee tatu juu. Tuliziimba huku tukiyumba mkekani. Nukta zikiisha zinakuja irabu: alifu fataha a, alifu kasira i, alifu dhumma u, na hivyo hivyo mpaka yee, herufi zote 28. Kisha tanwini, kisha sakna, kisha shada. Kijitabu chenyewe tulikiita Baghdadia, na aliyekimaliza bila kutoroka chuo alihesabiwa shujaa. Ndipo anafunguliwa Juzuu Amma, anaanza na sura fupi za mwisho akirudi nyuma.

Maana haikuwamo. Mtoto aliweza kusoma sura nzima bila kukosea irabu, ukimwuliza inasema nini anakutazama kama umemwuliza bei ya garimoshi. Tukimwuliza Maalim, anajibu kwamba maana ina wakati wake. Simbezi. Hakuwa na ubao wala chaki, ujira wake ulikuwa senti za Alhamisi, na bakora ya mkwaju ndiyo iliyokuwa msaidizi wake pekee. Wenzangu aliowafundisha leo ni wazee wenye magoti mabovu, lakini imamu akiteleza katika aya wanamrekebisha kutoka safu ya tatu bila kufikiri. Njia ile ilijenga kumbukumbu. Ubaya wake ni kwamba iliwachuja watoto wengi mno kabla hawajafika popote.

Na iliwachuja bara kuliko pwani. Kilosa ilikuwa kituo katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, halafu Wajerumani wakaleta reli. Dini na elimu yake vilipanda kwa njia hiyo hiyo, na Baghdadia vilevile. Ila mtoto wa Bagamoyo au Unguja anakua na thee, dhali na ghaini mdomoni. Kiswahili chetu kilisema selasini na zahabu. Kwa hiyo tulikuwa tukijifunza vitu viwili kwa mpigo, sauti na maandishi, na mwalimu akidhani anafundisha kimoja.

Desemba 2009 Mto Mkondoa ulivunja kingo, ukabeba nyumba za watu na tuta la reli. Chuo chetu cha udongo nacho kililala, pamoja na vitabu vyake. Kilichojengwa baadaye kina matofali, ubao, madawati na kitabu kipya: Kaida Nuraniya, kazi ya Sheikh Nur Muhammad Haqqani wa India. Humo pia mtoto hutaja herufi na irabu zake, lakini kwenye somo la pili tu anaonyeshwa herufi zikiwa zimeungana, jinsi bee inavyokatwa mkia ikikutana na mwenzake. Sisi tulikutana na mkia uliokatwa ghafla, tayari tumechoka, tukadhani ni herufi nyingine. Watoto wa siku hizi wanasoma mapema kuliko tulivyosoma sisi, hilo nimelishuhudia. Maana, hata hivyo, bado ilikuwa na wakati wake.

Wakati huo ulifika Mikumi, nilikohamia baada ya kustaafu ualimu wa sekondari. Madrasa iko kando ya barabara kuu ya Iringa. Lori likipita husikii hee inavyotofautiana na khee, na jioni watoto huruhusiwa mapema kwa sababu ya tembo. Niliomba nusu saa baada ya Kurani. Nikaandika ubaoni kafu, tee, bee, nikawataka wanipe maneno ya Kiswahili yenye herufi hizo tatu. Kitabu, akasema mmoja. Katibu. Kwa nyuma kule mtu akapiga kelele: maktaba! Hee, kafu, mimu: hukumu, hakimu, mahakama. Kipindi cha kwanza hakijaisha, wameshagundua mizizi ya Kiarabu, jambo ambalo mimi nililisikia nikiwa mtu mzima. Si kila neno linakubali, bila shaka. Karamu kwa Mwarabu ni ukarimu. Pilau humo hamna.

Kisha wakaja wajukuu wa dada yangu kutoka Leicester, likizoni, na Kiingereza chao. Kafu, tee, bee haikuwaambia kitu. Kwao nilichukua vitabu vya Madina, vya Dakta V. Abdur Rahim, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina. Vimeandikwa kwa Kiarabu kitupu, na mwongozo wake wa Kiingereza unauzwa peke yake. Somo la kwanza ni la kunyoosha kidole: nyumba, mlango, kalamu, ufunguo. Kitenzi hakuna, wala Kiarabu hakikihitaji hapo. Thee na dhali zao zilinitia wivu. Hee na aini ndizo zilizowatoa jasho. Kilichonisumbua ni madaftari yao. Huko kwao walikuwa wakiandika Kiarabu kwa herufi za Kilatini, 3 mahali pa aini na 7 mahali pa hee, kama vijana wanavyoandikiana kwenye simu. Inaonekana rahisi, lakini jicho halizoei maandishi yenyewe, na siku ya kuyakabili unaanza upya. Madaftari niliyafungia kabatini, wakanuna.

Kununa kuliisha kwenye chai. Mezani palikuwa na mfuko wa sukari ya Kilombero. Mkubwa wao akaandika neno sukkar kwa kidole juu ya meza, kuanzia kulia, akalisoma, akasoma mfuko, akalitamka kwa Kiingereza. “Babu,” akasema, “kumbe tumeliiba wote!”

Mwalimu wa madrasa sasa ni ustadha kijana. Simuni mwake ana rekodi ya msahafu wa kufundishia wa Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, ambamo anasoma polepole na kuacha nafasi ya mwanafunzi kurudia. Mizizi yangu anaicheka. Anasema wanafunzi wangu wanajua mahakama imetoka wapi, ila wakifika kwenye shada wanakwama, na kwa wale wazito anataka alifu fataha a irudi. Nilimwuliza wazito wa zamani waliishia wapi. Akajibu kwamba waliikimbia bakora, fataha haikumfukuza mtu. Basi Jumamosi ni yake, Jumapili ni yangu, na mwezi ujao tutabadilishana wanafunzi tuone.