Mdomo wa G3

Askari wa wanyamapori walionitangulia katika Hifadhi ya Tsavo walipambana na majangili kwa .303, bunduki ya zama za Mwingereza. Ukishapiga risasi moja, lazima uvute komeo ndipo upige nyingine. Jangili yeye alikuja na AK, magazini ina risasi 30. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Tsavo ilikuwa na ndovu karibu 35,000. Hesabu ya mwaka 1988 ilikuta takriban 6,000. Ukame uliua maelfu, lakini wengi wa waliobaki walimalizwa kwa risasi. Rais Moi alichoma tani 12 za pembe za ndovu Julai 1989, Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) likaundwa, na sisi vijana wa miaka ya tisini tukakabidhiwa bunduki za G3.

Nikiikumbuka kambi yetu ya Tsavo, kinachonijia kwanza ni vumbi jekundu. Liliingia kwenye blanketi, kwenye ugali, masikioni. Liliingia pia kwenye hesi za mtutu, na hilo ndilo lililomkosesha raha sajini wetu wa ghala la silaha, mzee wa Kitaita ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti.

Mdomoni mwa mtutu wa G3, kwenye hesi hizo, hufungwa kifichamwali, kipande cha chuma chenye nafasi ndefu ubavuni. Gesi ya baruti hutoka nyuma ya risasi ikiwa na joto kali, na ikikutana na hewa huwaka. Kifichamwali huitawanya ili isiwake kwa mkupuo. Hakimfichi mpigaji kabisa, na sajini hakutuacha tudhani hivyo. Kinachookolewa kwanza ni macho yako mwenyewe: umekaa gizani saa nzima ukivizia, halafu mwako mmoja mbele ya uso unakupofusha wakati uleule unaotakiwa kuona.

Kukifunga kulikuwa na utaratibu wake. Magazini inatolewa, chemba inaangaliwa, kisha inaguswa kwa kidole. Hesi zinasuguliwa kwa mswaki na kupanguswa kwa tambara lenye mafuta kidogo, maana mafuta yakizidi hukamata vumbi. Kifichamwali kinaanza kuzungushwa kwa vidole, si kwa koleo. Kikigoma, ujue hesi zimepishana au mna mchanga. Unakitoa, unaanza upya. Kikikaribia kufika mwisho unasikia pete ya springi ikiuma meno yaliyochongwa upande wake wa nyuma: tak, tak, tak. Pete hiyo ndiyo inayokizuia kulegea bunduki inapotikiswa na risasi moja baada ya nyingine.

“Kimekaza, afande,” nilimwambia siku moja.

“Kimekaza, au kimekaa sawa?”

Akanivuta mlangoni penye mwanga. Kitako na boliti vilikuwa vimeshatolewa. Akanielekeza nichungulie kutoka nyuma, nione tundu la mtutu likiwa katikati kabisa ya tundu la kifichamwali. Kikikaa upande, akaniambia, risasi inaweza kukwaruza ukingo ikitoka, na ikishakwaruza haiendi ulikoilenga. Sisi tulikuwa tukilala kifudifudi mita chache mmoja kutoka kwa mwingine, usiku, katikati ya vichaka. Nilielewa hapohapo.

Ule usiku tuliokutana na majangili karibu na Mto Galana, mapambano hayakuchukua muda. Walikimbilia upande wa nyanda za Yatta wakaacha mashoka mawili na AK moja. Kwetu hakuna aliyeumia, na ndovu waliokuwa wameshuka kunywa maji walikwenda zao wakiwa hai. Sijawahi kufurahi kazini kama siku ile.

Tuliporudi kambini kumekucha, sajini alikuwa ameshafungua ghala. Alizipokea bunduki, akahakikisha hazina risasi, kisha akashika kifichamwali kimoja baada ya kingine na kukitikisa. Cha mwenzangu kilicheza. Pete ilikuwa imekatika. Sajini akatoa mpya kwenye kopo la vipuri, akaivalisha, akamkabidhi mwenzangu kifichamwali akifunge mwenyewe.