Mfuko wa Kwenda Mlimani

Niendapo kuuzuru Mlima Kenya kwa njia ya Chogoria mwezi wa Julai, mfuko wangu naufunga kwa shauri la mlima, si kwa shauri la jua la mlangoni. Kila mita 1,000 za kupanda hupunguza joto kadiri ya digrii 6; atokwaye jasho chini hutetemeka juu. Basi hutangulia sweta mbili za sufu na soksi kavu. Kisha koti la mvua, nduma zilizochemshwa, na maji katika chupa ya bati, maana plastiki za kutupwa zilipigwa marufuku hifadhini mwaka 2020. Sweta ya pili si yangu. Mwenzangu akilowa, uhai wake waweza kuwa mfukoni mwangu. Akiba huelemea bega. Kuikosa huelemea moyo.