Maziwa Hayaoshi Mapafu

Wanangu wa karakana,

Ufunguo wa stoo nimeshawakabidhi. Mikono yangu inatetemeka sasa, na vanishi inataka mkono uliotulia, kwa hiyo zamu yangu imekwisha. Kabla sijarudi nyumbani Rufiji, kuna jambo moja nataka kulirekebisha kwa maandishi, maana niliwafundisha vibaya, kama nami nilivyofundishwa.

Ni yale maziwa. Mnazijua jioni zetu pale Keko, Dar es Salaam: kabati limepulizwa, kompresa imezimwa, tajiri anatuma pakiti za maziwa, nasi tunakunywa tukiamini tunaosha kifua. Nimewahimiza wengi wenu: kunywa, yanakata sumu. Wanangu, hayakati. Mvuke wa thina unaingia kwa pumzi, unapita mapafuni hadi kwenye damu, na damu haikawii kuufikisha kichwani. Maziwa yanakwenda tumboni. Hivyo viwili havikutani. Maziwa ni chakula kizuri, kunyweni mkipenda. Lakini mwajiri anayetoa maziwa badala ya barakoa hajakukinga, na wewe unayeyapokea ukaridhika umeacha kudai kinachokukinga. Mimi niliridhika kwa miaka zaidi ya thelathini.

Ndani ya dumu la thina kuna mchanganyiko: mara nyingi toluini, zailini, asetoni, na vingine ambavyo muuzaji hasemi. Vyote kazi yake ni kuyeyusha mafuta, na mwili wetu una mafuta mengi, hasa kwenye ubongo na mishipa ya fahamu. Ndiyo maana ukipuliza chumba kilichofungwa kichwa kinakuwa chepesi, unacheka bila sababu, hamu ya chakula inapotea, usiku kichwa kinagonga. Vijana mnaita stimu. Ni ulevi, na ubongo unaolewa kila siku ya kazi unachakaa. Jipimeni hivi: ukijisikia nafuu Jumapili, kisha Jumatatu mchana kichwa kikaanza tena, usitafute malaria kwanza.

Wapaka rangi wa Denmark na nchi jirani zake yaliwapata haya tangu miaka ya 1970. Madaktari wao waliona watu wa makamo wanaosahau, wenye hasira za ghafla, wanaoshindwa kufuata kazi waliyoizoea. Mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani liliitisha wataalamu Copenhagen kujadili ugonjwa huo, na huko rangi za maji zilichukua nafasi ya zile za kuyeyushwa kwa thina katika kazi nyingi. Mimi nasahau majina ya wajukuu zangu. Siwezi kusema yote ni thina, uzee nao una sehemu yake. Masikio pia yamepungua. Nilidhani ni kelele za kompresa tu, kumbe toluini na kelele zikikutana zinaumiza masikio kuliko kelele peke yake.

Msiitegemee pua. Mteja akiingia anaziba pua na kukohoa, nanyi mnamshangaa kwa kuwa hamsikii kitu. Pua imezoea, na mvuke upo vilevile.

Sasa jiko. Wakongwe wanaukumbuka mchana ule mama lishe alipobandika wali hatua chache kutoka mlangoni petu. Kijana alikuwa anamimina thina kutoka dumu kubwa kwenda ndoo. Hakuna aliyewasha kiberiti. Moto ulitoka jikoni, ukatambaa sakafuni hadi kwenye ndoo, kwa kasi ambayo jicho halikuifuata. Kijana aliungua miguu yote miwili. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa. Ule wa toluini unaizidi mara tatu. Haupandi juu kama moshi, unalala chini na kutiririka kama maji hadi ukutane na kaa la moto. Tena toluini hutoa mvuke wa kutosha kushika moto kuanzia nyuzi joto 4 tu, asetoni hata chini ya sifuri. Kwa joto letu la Dar, dumu lililo wazi liko tayari saa zote. Kwa hiyo mlango na dirisha vya upande wa pili viwe wazi, hewa ipite hadi chini, na feni ya kawaida isiwekwe mahali pa kupulizia, maana mota yake hutoa cheche. Jiko, sigara na mashine ya kuchomelea vikae mbali. Na mama lishe mwambieni kwa heshima, yeye hajui kilichomo kwenye dumu lenu.

Matambara yenye mafuta ya kitani msiyarundike. Yanapokauka yanajipasha joto yenyewe hadi kuwaka. Mwaka 1991, mjini Philadelphia, Marekani, matambara ya namna hiyo yaliwasha jengo la ghorofa 38, na wazimamoto watatu walikufa. Yatandazeni nje yakauke moja moja, au yatieni kwenye kopo la chuma lenye maji na mfuniko.

Kunawa mikono kwa thina, acheni. Ngozi inapasuka, na thina nyingine inapenya hadi ndani ya mwili. Tumieni mafuta ya kupikia, kisha sabuni. Na naomba hili kama mtu anayeomba kwa magoti: msiweke thina kwenye chupa ya maji ya kunywa. Mtoto akiinywa msimtapishe, kwa sababu ikirudi juu inaingia mapafuni, na hapo ndipo inapoua. Mkimbizeni hospitali pamoja na chupa yenyewe.

Majirani zetu washona viatu wapelekeeni salamu na habari hii. Daktari Muzaffer Aksoy wa Istanbul aliandika mwaka 1974 juu ya washona viatu 26 waliopata saratani ya damu baada ya kutumia gundi yenye benzini katika vyumba vidogo visivyopitisha hewa. Wakae mlangoni, wasijifungie.

Barakoa ya kitambaa, au ile nyeupe ya vumbi, inazuia vumbi la msasa tu. Mvuke unapita kama haipo. Inayofaa ni ya mpira yenye vichujio vya mkaa maalumu. Za Ulaya zina mstari wa kahawia, za Marekani mweusi. Nyoeni ndevu pale inapogusa uso. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, kwa hiyo mkimwendea tajiri nendeni wote pamoja, msiende kama waombaji.

Barakoa yangu, niliyoinunua kwa kuchelewa, iko kwenye boksi la chuma chini ya meza ya msasa. Awe nayo yule mdogo kuliko wote, kwa kuwa ndiye atakayepuliza miaka mingi zaidi. Vichujio viwili vipya bado vimefungwa. Asivifungue hadi siku ya kupuliza, kwa sababu vikikaa wazi vinanyonya mvuke wa karakana hata kama hakuna anayevivaa. Siku atakayovifungua aandike tarehe ubavuni kwa kalamu ya wino.

Ni mimi, mzee wenu wa rangi.