Programu Yangu Ilitoka na Sifuri

Nilifuta rekodi za mauzo za duka la watu. Kosa lilikuwa mstari mmoja: return 1. Niliuandika mwenyewe na kuukagua mwenyewe.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Kila usiku, mauzo ya siku yanakiliwe kwenye seva, kisha faili zifutwe kwenye kompyuta ya kaunta, maana diski yake ilikuwa inajaa. Niliandika zana ya terminali kwa Python nikitumia Click, fremuweki ya Armin Ronacher iliyotoka mwaka 2014. Inarahisisha mambo: wewe unaeleza amri na chaguo zake, yenyewe inasoma alichoandika mtumiaji, inakikagua na kutengeneza ukurasa wa msaada. Baada ya amri ya zana hiyo nikaweka alama ya &&, halafu amri ya kufuta. Alama hiyo huruhusu amri ya pili iwapo tu ya kwanza imetoka na namba sifuri, yaani salama.

Mimi nilitokea kwenye PHP. Kule, kwenye Symfony Console, namba inayorudishwa na fankisheni ya execute ndiyo programu hutoka nayo. Ukirudisha 1, shell inajua mambo yameharibika. Nikaingia Click na mazoea hayo, kama mgeni anayepapasa ukutani akitafuta swichi mahali ilipo nyumbani kwake. Click haiigeuzi thamani inayorudishwa kuwa namba ya kutokea, kwa kuwa fankisheni inaweza kurudisha data halali, kwa mfano idadi ya faili ilizoshughulikia. Sikusoma maelekezo yake. Nilidhani najua.

Mtandao ukakatika. Zana ikaandika "imeshindikana" kwenye logi, ikatoka na sifuri, na amri ya kufuta ikafanya kazi yake, usiku baada ya usiku.

Mwenye duka alipoulizia mauzo, nilimjibu kwa kujiamini kwamba seva ndiyo yenye matatizo. Kisha nikachomoa waya wa mtandao, nikaendesha zana, nikaandika echo $? ili nione namba iliyotoka nayo. Ikajibu 0. Nikarudia, nikidhani vidole vimeteleza. 0 tena. Ndipo nilipokumbuka majaribio yangu, yote ya kijani, niliyojivunia sana: yalikagua maneno ya kosa tu. Nilipima anachosoma binadamu, wakati usiku hakuna binadamu aliyekuwa akisoma.

Mauzo ya karibu wiki nzima yaliandikwa upya kutoka kwenye nakala za stakabadhi. Zilizofifia hazikusomeka. Sikulipwa, wala sikudai.

Tiba ilikuwa fupi: ctx.exit(1) badala ya return 1. Ukijaribu zana yako kwa CliRunner ya Click, kagua exit_code kabla ya maandishi. Na hata ukipata sifuri, linganisha faili za pande zote mbili kabla ya kufuta. Sifuri ni kauli ya programu kuhusu yenyewe. Nakala iliyofika inathibitishwa kule ilikofika.